Mchezo wa Ujira wa Siku Moja

Chukua sarafu kumi mkononi, msomaji. Si zako, amekupa mgeni usiyemjua, naye amekuwekea sharti. Katika chumba cha pili ameketi mtu wa kijiji chako, lakini hutaambiwa ni nani, wala yeye hataambiwa kuwa ni wewe. Yakupasa umgawie kiasi upendacho cha sarafu hizo: moja, tatu, tano, au zote, na kama hutaki kumpa hata moja, ni ruhusa. Kisha mwenzako ataulizwa kama anaikubali sehemu hiyo. Akiikubali, kila mmoja atakwenda nyumbani na fungu lake. Akiikataa, mgeni atazitwaa sarafu zote kumi, na ninyi wawili mtaondoka mikono mitupu. Hakuna kujadiliana, wala hakuna kurudia. Utampa ngapi?

Usisome mbele kabla hujakata shauri. Andika jibu lako katika daftari, kwa kuwa nitarudi kulidai.

Mchezo huu haukutungwa kwa ajili ya watoto. Ni kipimo cha wataalamu wa saikolojia na wa uchumi, ambao hutaka kujua jinsi mtu anavyoamua mahali penye tamaa ya kupata na hofu ya kukosa. Vipimo vya namna hii ni vingi. Kipo cha karata, kilichoelezwa na Antoine Bechara na wenzake wa Iowa, Marekani, mwaka 1994, ambamo mtu huchagua miongoni mwa mafungu manne ya karata, mengine yakiwa na malipo makubwa na hasara kubwa zaidi. Kipo cha puto, cha mwaka 2002, ambamo kila pumzi huongeza fedha mpaka puto lipasuke na fedha zote zipotee. Sitakaa navyo. Huu wa sarafu kumi ndio uliofika katika nchi ya Abagusii, na kwa hiyo ndio unaotuhusu.

Ulitungwa Ujerumani na Werner Güth na wenzake wawili, waliotangaza matokeo yao mwaka 1982. Wakati huo wachumi wengi walikuwa na mtu wao wa vitabuni, ambaye hupenda nyingi kuliko chache na hajali kitu kingine chochote. Mtu huyo akipewa sarafu moja kati ya kumi huipokea, kwa kuwa moja ni zaidi ya sifuri. Na mgawaji, akilijua hilo, humpa moja na kubaki na tisa. Lakini wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani walipoucheza mchezo, mtu wa vitabuni hakuonekana. Wengi walitoa sarafu nne au tano, na waliopewa moja au mbili mara nyingi walizikataa kwa hasira, ijapokuwa hasira hiyo iliwagharimu fedha.

Je, wanafunzi hao ndio wanadamu wote? Swali hili laonekana jepesi, lakini lilichelewa kuulizwa. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliandika kwamba karibu asilimia 96 ya watu waliopimwa katika majarida makuu ya saikolojia walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Elimu iliyojiita elimu ya mwanadamu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, elimu ya vijana waliokaa karibu na ofisi ya profesa. Henrich mwenyewe alikuwa amekwisha kuupeleka mchezo wa sarafu kwa Wamachiguenga wa misitu ya Peru, na mwaka 2000 alitangaza aliyoyaona: wagawaji walitoa kwa wastani karibu robo tu ya fungu, na wapokeaji karibu wote walikubali. Msituni hapakuwa na hasira ile ya chuoni.

Ndipo kundi la wanaanthropolojia na wachumi lilipojigawa katika pande za dunia kuwauliza watu sawali lilelile kwa kanuni zilezile. Kwa Abagusii, katika milima ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, na kwa Wamaragoli, kazi hiyo ilifanywa na Edwins Laban Moogi Gwako. Matokeo ya jamii 15, yenye watu zaidi ya 1,700, yalitolewa katika jarida la Science mwaka 2006. Na mwaka 2014 yakafuatwa na kitabu kinene kilichohaririwa na Jean Ensminger na Henrich, ambamo Gwako ana sura yake juu ya wakulima Wamaragoli na Wagusii. Kila mahali fungu lililogawanywa lilikuwa sawa na ujira wa siku moja. Aliyekataa sehemu yake alikataa unga na sukari ya nyumbani kwake.

Nataka kuihakiki kazi hiyo mbele yako, na kwa haki yake nianze na lililo jema.

Wema wake wa kwanza ni hesabu. Katika matokeo ya mwaka 2006, zaidi ya asilimia 60 ya Abagusii waliocheza walisema wangekataa fungu la sarafu moja kati ya kumi. Katika jamii zote 15, ni nne tu zilizofika kiasi hicho: Abagusii, Wamaragoli, watu wa jiji la Accra, na watu wa Sanquianga huko Colombia. Sasa jitie katika nafsi ya mgawaji wa Kigusii. Ukitoa moja una tumaini la kubaki na tisa, lakini tumaini hilo hutimia chini ya mara nne katika kila kumi. Zidisha tisa kwa nne, gawanya kwa kumi: pato lako la wastani halifiki sarafu nne. Ukitoa tano, wabaki na tano, na ni nadra kukataliwa. Basi mtu anayegawa nusu kwa nusu huenda akawa mwenye huruma, na huenda akawa mwoga mwenye akili. Mgawo ni mmoja, na mioyo ni miwili.

Watafiti waliijua shida hiyo, na dawa yao ilikuwa mchezo wa pili, ambamo mpokeaji hana sauti: anachopewa ndicho anachochukua. Hapo hatari imeondolewa, na anayetoa kitu hutoa kwa hiari tupu. Kwa kulinganisha michezo miwili, mtu aweza kutenga hofu na ukarimu, kama mwenye duka anavyopima gunia tupu kabla ya kupima gunia lenye mahindi. Tena walihakikisha kwamba kila mchezaji ameyaelewa masharti kabla ya kucheza, na fedha walizoahidi walizilipa. Ukisikia mtu akidharau utafiti kama huu kwa kusema kwamba ni michezo tu, mwulize yeye amepima nini, na kwa mizani gani.

Mchezo wa tatu ndio uliowapa Abagusii sifa duniani. Ndani yake wamo watu watatu. Wa kwanza amgawia wa pili, ambaye hana sauti. Wa tatu ni mtazamaji. Amepewa sarafu tano zake mwenyewe, na hajatendewa lolote, jema wala baya. Aweza kwenda nyumbani na tano zake. Au aweza kutoa moja yake ili mgawaji anyang'anywe tatu. Sarafu hiyo haimfikii aliyedhulumiwa; yapotea, na zile tatu nazo zapotea. Anachonunua mtazamaji kwa sarafu yake ni adhabu peke yake. Mgawaji aliponyima kabisa, katika Watsimane wa Bolivia ni watu 28 tu katika kila mia waliokubali kulipa ili aadhibiwe. Katika Abagusii walikuwa zaidi ya 90.

Nakiri kwamba nilipoisoma tarakimu hiyo mara ya kwanza nilitabasamu. Mtu aliyepata kusimama katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, na kuona mnunuzi akijaribu kumpunja mzee bei ya mkungu wa ndizi, atakuwa amewaona pia wanawake watatu wasiokuwa na ndizi wala haja na ndizi, wakiacha biashara zao ili wamfundishe adabu mnunuzi huyo. Wakati waliopoteza ndiyo sarafu yao moja.

Gwako, katika kichwa cha sura yake, aliunganisha mambo mawili: nguvu ya kushirikiana katika kazi, na wingi wa adhabu inayotolewa kwa faida ya wote. Muungano huo una mizizi. Philip Mayer, aliyeandika mwaka 1951 juu ya ushirikiano wa kilimo wa majirani wa Kigusii, alieleza habari za risaga, yaani kundi la majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu. Fikiri jinsi shirika hilo linavyosimama. Leo twalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mjane aliye juu ya kilima. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Atokeapo mtu mmoja anayekula katika kila shamba lakini jembe lake halionekani siku ya zamu, na majirani wakanyamaza kwa kuwa kila mmoja aona taabu kumgombeza, baada ya misimu miwili risaga imekwisha. Lazima awepo mtu wa kukubali chuki kidogo kwa ajili ya wote. Kwa watu waliolelewa katika desturi kama hiyo, kutoa sarafu moja ili mchoyo apoteze tatu si wazimu. Ni karo ya zamani wanayoijua.

Jambo kama hilo lilionekana upande wa pili wa Kenya. Ensminger alipocheza na Waorma wa Mto Tana mchezo mwingine, ambao kila mtu huchangia fungu la wote na fungu hilo huongezwa kisha likagawanywa sawa, Waorma walikwisha kuutambua: wakauita mchezo wa harambee. Mtafiti alidhani ameleta kitu kipya kutoka Marekani, na wenyeji walikuwa wakikicheza kila shule ilipohitaji bati. Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba mchezaji huingia chumbani mtupu, akiwa na masharti ya mtafiti peke yake kichwani. Huingia na maisha yake yote, na hucheza mchezo anaoufahamu kuliko ule anaoelezwa. Katika Papua Guinea Mpya walikuwapo watu, Waau na Wagnau, waliokataa hata mafungu yaliyozidi nusu, kwa kuwa kwao zawadi kubwa ni deni zito. Mtu wa vitabuni angewaona wajinga, na wao wangemwona mjinga yeye, asiyejua kwamba anayepokea leo ataulizwa kesho.

Hapa sifa zangu zakoma na mashaka yangu yaanza. Shaka la kwanza nitalisema kwa ufupi: mgeni aliwaambia watu wa kijiji kwamba majina yao hayatajulikana. Yawezekana walimsadiki. Lakini katika milima ile iliyojaa watu, ambako ua wa boma moja ndio ua wa boma la pili, siri ya mgawo wa fedha ni kitu ambacho mtu mzima hukisadiki polepole.

Shaka la pili ni zito. Sarafu za mchezo zilitoka kwa mgeni. Ukipoteza zote kumi, umerudi ulivyokuja. Shamba halikupungua, kuku hakuuzwa. Mchezo huu hupima ujasiri wa mtu mbele ya faida inayoweza kukosekana. Haupimi hata kidogo ujasiri wake mbele ya hasara. Na mambo hayo mawili hayafanani, kama walivyoonyesha Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979. Waliwauliza watu: wapenda fedha 3,000 za hakika, au nafasi nane katika kumi ya kupata 4,000? Fedha hiyo ilikuwa ya Israeli, na 3,000 zilikuwa karibu pato la kawaida la familia kwa mwezi. Asilimia 80 walichagua 3,000 za hakika. Kisha swali likageuzwa: wapenda kupoteza 3,000 kwa hakika, au nafasi nane katika kumi ya kupoteza 4,000? Asilimia 92 walichagua kubahatisha. Mtu yuleyule aliyekuwa mwoga mlangoni mwa faida alikuwa shujaa mlangoni mwa hasara. Ukimpima mlango mmoja tu, utaandika nusu ya tabia yake na kuiita nzima.

Walakini Kahneman na Tversky waliuliza kwa karatasi. Hakuna aliyepoteza kitu. Watafiti wa Kisii walilipa fedha za kweli, lakini za faida tupu. Sababu ni njema: ni nani atakayekwenda kijijini kumnyang'anya maskini ujira wake wa siku kwa jina la elimu? Hata hivyo sababu njema haijazi pengo. Henrich na Richard McElreath waliwapa Wasangu wa Tanzania, katika bonde la Usangu, na Wamapuche wa Chile hiari kati ya fedha za hakika na bahati nasibu, na mwaka 2002 wakatangaza kwamba wakulima hao walipenda kubahatisha, kinyume cha waliyotazamia waliosema kwamba mkulima maskini ni mwoga wa hatari. Kabla yao, mwaka 1980, Hans Binswanger alikuwa ametangaza matokeo ya vijiji vya India, ambako wakulima karibu wote walionekana waangalifu malipo yalipokuwa makubwa. Mkulima wa Usangu na mkulima wa India wote wawili hutazama mawingu kwa hofu moja. Mbona mizani yasema mmoja ni jasiri na mwingine mwoga? Yamkini mizani yapima desturi ya kucheza na fedha ya mgeni, na hofu ya mawingu imebaki nje ya mlango.

Twende tukaitazame hofu hiyo ilipo. Mkulima mdogo wa Nyamira ana shamba ambalo baba yake aliligawa baada ya babu kuligawa. Ndani yake amepanda chai, mahindi, migomba, na nyasi za ng'ombe mmoja. Mtaalamu wa kilimo aweza kumwambia kwamba chai peke yake ingemletea zaidi. Na mpimaji wa hatari aweza kumwandika kuwa ni mwoga wa kiasi cha kati. Lakini mvua ya mawe ya milima ile huweza kuyapasua majani ya chai kwa saa moja, na ugonjwa wa migomba hauzuiwi na sala ya mwenye shamba. Chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo zilizopimwa, na sehemu nyingine huja mara moja kwa mwaka, ile iitwayo bonasi, ambayo mkulima hajui kiasi chake mpaka itangazwe. Kwa kawaida viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa hulipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki yake. Mkulima ameikopea mbolea, ameiahidi karo, na bado haijulikani. Huu nao ni mchezo wa kugawiwa, isipokuwa hautokei mara moja na kwisha, na sarafu zimetoka kiunoni mwa mchezaji mwenyewe.

Shaka langu la tatu ndilo ninalotaka ulikumbuke zaidi, kwa kuwa halihusu fedha. Katika mchezo wa watu watatu, mtazamaji ajua kwa yakini kwamba mgawaji amenyima. Mtafiti ndiye shahidi, na hesabu haina uongo: zilikuwa kumi, ametoa sifuri. Hatia imepimwa kabla ya adhabu. Katika kijiji hakuna mtafiti. Kuna uvumi, kuna ugomvi wa mpaka wa tangu zamani, kuna mtoto aliyeugua ghafula na jirani asiyependwa. Nia ileile ya kutoa chako ili mkosaji aumie, ambayo katika chumba cha mchezo yaitwa adhabu kwa faida ya wote, ikitoka nje haiachi jina lake mlangoni, lakini huacha yakini yake.

Vikundi vya Sungusungu vilivyoenea Kisii na Nyamira tangu miaka ya 1990 vilianza kwa kuwalinda watu na wezi, na watu wengi waliviunga mkono. Vilikuwa ndiyo sarafu moja ya mtazamaji: vijana walipoteza usingizi kwa ajili ya mali isiyokuwa yao. Baadaye vilishutumiwa kwa kupiga na kuua watu wasiohukumiwa na mahakama yoyote. Na mwezi wa Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, watu kumi na mmoja waliotuhumiwa uchawi walichomwa moto, wengi wao wanawake wazee. Waliowachoma hawakupata fedha. Walijitia katika hatari ya kufungwa, na wao wenyewe, nina hakika, wangekuambia kwamba walifanya vile kwa usalama wa kijiji. Mizani ya mchezo ingewahesabu wapi? Kwa masharti yake, mtu anayetoa chake ili amwadhibu mwenye kosa huwekwa upande wa ushirikiano, kwa sababu masharti yamekwisha kuhakikisha kwamba kosa lipo.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba wale zaidi ya 90 katika mia ndio waliowasha moto. Hilo lingekuwa tusi kwa watu wote na upuuzi kwa elimu. Gwako aliona ushirikiano kwa kuwa ushirikiano upo, na mtu asiyeweza kukasirikia dhuluma ya mwenzake ni jirani dhaifu. Nasema kwamba tarakimu ile imepima utayari wa kuadhibu baada ya kuondoa kazi ngumu kuliko zote, yaani kumjua mkosaji. Mtafiti aliifanya kazi hiyo bure kwa niaba ya wachezaji. Ningependa kuona mchezo wa nne, ambamo mtazamaji aambiwa tu kwamba huenda mgawaji amenyima, na huenda hakunyima, kisha aulizwe kama atatoa sarafu yake. Na ningependa Abagusii waucheze pamoja na wanafunzi wa Ujerumani na wa Marekani, kwa kuwa sidhani kwamba tofauti ingekuwa kubwa kama watu wanavyotazamia.

Nina mfano mmoja wa mwisho, nao ni wa pareto, lile ua jeupe ambalo hutolewa dawa ya wadudu. Kenya ilikuwa mzalishaji mkuu wa pareto duniani, na vilima vya Kisii na Nyamira vilikuwa miongoni mwa mahali lilipostawi. Wanawake na watoto walilichuma, wakalikausha juani, wakalipeleka kupimwa. Kisha malipo yakaanza kuchelewa; miezi ikawa mwaka, na mwaka ukazaa mwingine. Wakulima waliendelea kwa muda, wakitumaini. Hatimaye waliling'oa. Mahali pa maua pakapandwa chai, mahindi, au nyasi. Wakulima wakakosa fedha za pareto, na viwanda vikakosa pareto. Pande zote mbili zikaondoka mikono mitupu, sawasawa na masharti ya mgeni wa sarafu kumi.

Je, walipoling'oa walikuwa wakiadhibu, au walikuwa wamepiga hesabu tu, kwamba zao lisilolipa halistahili jembe? Katika chumba cha mchezo tungaliweza kutenga mambo hayo mawili, kwa kuwa sarafu moja ni zaidi ya sifuri na anayeikataa amefichua moyo wake. Shambani hayatengani. Mama aliyeng'oa shina la pareto kwa mikono yake huenda alikuwa na hesabu katika mkono mmoja na ghadhabu katika mkono wa pili, na shina lilihitaji mikono yote miwili.

Sasa fungua daftari lako. Uliandika tano, au nne, au moja? Usibadili namba hiyo. Lakini chini yake andika nyingine, ukijibu swali hili: kama sarafu zile kumi zingalikuwa za karo yako, zilizopatikana kwa chai ya nyumbani, na mgeni akakulazimisha kuzigawa kwa masharti yaleyale, ungalimpa mwenzako ngapi? Na yeye, akijua zilikotoka, angalikataa ngapi?